Mgeni na Mkunga

Watu wa pwani husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu ni mwema, na aliyeutunga alikuwa mkarimu wa moyo. Walakini haukusema mgeni akae siku ngapi, wala mwenyeji apone maradhi gani, wala haukutaja kwamba yako maradhi ambayo huingia nyumbani pamoja na mgeni mwenyewe. Kwa sababu hiyo wengi wamekwenda ugenini wakiamini kwamba kufika kwao peke yake ni dawa. Habari isimuliwayo hapa ni ya kijana mmoja aliyekwenda Umasaini kuponya, na ya mambo aliyoyaponya, na ya jambo moja aliloliumiza.

Kijana huyu alikuwa mzaliwa wa Tanga, mwanafunzi wa udaktari katika mwaka wake wa nne. Mwaka 2009, wakati wa likizo ndefu, alijitolea kufanya kazi bila ya mshahara kwa muda wa miezi mitatu katika zahanati ya kijiji kimoja cha Wamasai, katika nchi kavu iliyo kati ya Longido na Ziwa Natron. Hapana mtu aliyemlazimisha. Wenzake walikwenda makwao kupumzika. Yeye alifunga mzigo wake, akatia ndani vitabu vitatu na kipimio cha kusikilizia moyo alichonunuliwa na mama yake, akapanda gari la Arusha. Nia yake ilikuwa safi. Jambo hili lafaa kusemwa mapema, kwa kuwa ubaya utokao katika nia mbaya hauna mafunzo mengi. Watu wote huujua na hujihadhari nao. Ubaya utokao katika nia safi ndio unaostahili kutazamwa kwa makini.

Nchi aliyoifikia ilikuwa ngeni kwa jicho la mtu wa minazi na bahari. Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Namanga hupita Longido, na mtu akiiacha barabara hiyo akashika njia ya magharibi huingia katika uwanda mpana wa migunga na mavumbi. Milima ya Kitumbeine na Gelai husimama juu ya uwanda huo, na mbele yake huonekana Oldoinyo Lengai, jina ambalo maana yake ni Mlima wa Mungu. Mlima huo ni wa moto. Ulilipuka mwaka 2007, ukaendelea hata mwaka 2008, na wenyeji walikuwa bado wakizungumza habari za majivu yake kijana alipofika. Maji ni haba, na mengi yana madini ya floraidi ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya udongo.

Fauka ya hayo, mwaka 2009 ulikuwa mwaka wa ukame mkali kwa wafugaji wa kaskazini ya Tanzania na kusini ya Kenya. Ng'ombe walikufa wengi hata mizoga ikawa alama za njia. Vijana na wanaume wenye nguvu walikuwa wamehama na mifugo iliyosalia kutafuta malisho. Bomani walibaki wazee, wanawake, watoto, na ng'ombe wachache ambao miguu yao haikuweza safari. Maziwa, ambayo kwa Mmasai ni chakula, ni heshima na ni baraka, yalikuwa yamekauka katika vibuyu.

Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba vinne yenye paa la bati na baraza. Mlikuwa na tabibu mmoja, muuguzi mmoja mwanamke, mtu wa Kondoa, na mhudumu mmoja mzaliwa wa kijiji. Friji ya chanjo ilitumia gesi, na kila asubuhi na jioni muuguzi alisoma kipimajoto chake na kuandika, maana chanjo hutaka kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8, na mtu akisahau siku moja huweza kuwadunga watoto mia maji matupu akidhani amewakinga. Zahanati kwa utaratibu wake haina chumba cha upasuaji. Mgonjwa ahitajiye kisu hupelekwa hospitali, na hospitali ilikuwa mwendo wa saa nne kwa gari wakati wa kiangazi. Wakati wa masika hapakuwa na hesabu.

Kazi za kijana hazikuwa kubwa, lakini alizifanya kwa bidii. Aliandika kadi za wagonjwa. Aliwapima watoto uzito kwa mizani iliyotundikwa katika tawi la mgunga. Aliwazungushia mikononi utepe wa rangi tatu, ambao ukisoma chini ya sentimita 11.5 huonyesha rangi nyekundu, maana yake mtoto amedhoofu vibaya na uhai wake umo hatarini. Alijifunza kuwaamkia wanawake kwa kusema takwenya na kungoja waitikie iko, na kuwagusa watoto utosini walipomwinamishia vichwa kama ilivyo adabu yao. Katika majuma mawili ya kwanza alipendwa, naye aliona kwamba anapendwa, na jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi kinachofaa.

Yako mambo mawili yaliyotokea ambayo yangalimwonya, lau angalikuwa na masikio. La kwanza lilikuwa habari ya vikope. Maradhi haya ya macho huwapata watu wengi wa nchi kavu za wafugaji. Huanza utotoni kama wekundu na matongo. Yakirudi mara nyingi hukwaruza ukope kwa ndani, ukope ukajikunja, na nywele zake zikasugua mboni mpaka mtu akawa kipofu. Wauguzi hufundisha kwamba kinga yake ni dawa pamoja na kunawa uso na kuwa na vyoo, kwa sababu nzi wanaobeba uele huu hupenda uso mchafu na huzaliana katika kinyesi kilichoachwa wazi. Kijana alimwambia mama mmoja amnawishe mtoto wake uso kila siku asubuhi na jioni. Mama alimsikiliza kwa utulivu, kisha akauliza kwa kinywa cha mhudumu, "Nimnawishe kwa maji ya nani?" Kisima kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa punda, na maji ya siku moja yalikuwa ya kunywa watu saba na ndama. Kijana aliandika katika daftari lake kwamba mama yule alikuwa mbishi.

La pili lilikuwa neno moja la lugha. Mhudumu alimweleza kwamba katika Kimasai mti huitwa olchani, na dawa pia huitwa olchani. Watu hawa hawakuanza kutafuta uponyaji siku bati lilipopandishwa juu ya zahanati. Wanawachemshia wagonjwa magome na mizizi. Wana wajuzi wa kuunga mifupa. Na kila boma kubwa lina mwanamke anayezalisha, ambaye katika lugha yao huitwa enkaitoyoni. Kijana aliona kwamba habari hii ni ya kupendeza, akaiandika vile vile. Hakufikiri kwamba mtu ambaye tayari ana dawa hamwiti mgeni tabibu; humtazama kwanza kama tabibu mwenziwe, naye hungoja kuona kama atatazamwa hivyo.

Siku ya kliniki ya wajawazito ilikuwa Jumatano. Wanawake walitembea toka alfajiri, wakaketi katika mabenchi ya baraza, shanga zao ziking'aa na shuka zao zikiwa zimefifia kwa jua. Mwisho wa benchi la kwanza aliketi mkunga mmoja mzee, mwenye fimbo na ndundu pana za masikio, ambaye hakuwa mjamzito wala mgonjwa. Alikuja kila Jumatano akaketi, hakusema neno, akaondoka wa mwisho. Kijana hakuuliza sababu ya kuja kwake.

Jumatano ya nne kijana aliwapima wanawake uzito, akaona kwamba wale waliokaribia kujifungua walikuwa hawaongezeki, na wengine walikuwa wakipungua. Alidhani ni ukame. Mhudumu akamwambia kwamba si ukame peke yake: ni desturi ya Wamasai tangu zamani kwamba mwanamke akiingia miezi ya mwisho hupunguza chakula, wala hali vinono, na wakunga ndio wanaomsimamia. Kijana aliingiwa na hasira. Alikumbuka yote aliyosomeshwa juu ya upungufu wa damu na juu ya watoto wazaliwao na uzito mdogo. Alisimama mbele ya wanawake, akasema kwa sauti kuu kwamba desturi hiyo ni ujinga, kwamba anayewanyima chakula wajawazito anawaua, na kwamba mwenye kutaka mtoto hai asimsikilize mtu asiyejua kusoma. Mhudumu alitafsiri. Alijaribu kuyalainisha maneno, lakini uso wa msemaji haukuhitaji mkalimani. Mkunga mzee aliinuka, akashika fimbo yake, akateremka barazani, akaenda zake bila ya kugeuka nyuma.

Muuguzi alikuwa ndani akihesabu chupa za chanjo. Alipotoka na kuona nafasi tupu mwisho wa benchi, aliuliza kulikuwa na nini, akaambiwa. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, nimekaa hapa miaka kumi na mmoja. Miaka sita ya kwanza mkunga yule hakukanyaga baraza hii. Nilikwenda kwake nikaketi, nikanywa chai yake, nikamwuliza habari za wanawake wake, mpaka siku moja akaja. Tangu alipoanza kuketi mwisho wa benchi, wanawake wanakuja. Na uchungu ukikawia usiku, ananitumia mtu. Benchi lile lilikuwa na gharama."

Kijana alisema kwamba alilosema lilikuwa kweli. Muuguzi akajibu, "Ndiyo, lilikuwa kweli," akarudi kuhesabu chupa zake.

Jumatano iliyofuata walikuja wanawake wanne. Jumatano ya baada yake walikuja watatu. Muuguzi alikwenda bomani kwa mkunga mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa kwamba mkunga amelala.

Katika juma la saba, kabla ya mapambazuko, watu walisikika nje wakiita. Wazee wawili na wavulana wanne walikuwa wamembeba msichana mwenye mimba katika ngozi ya ng'ombe iliyofungwa katika miti miwili. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulikuwa umemshika usiku wa juzi. Ulikuwa umepita usiku mmoja, na mchana mmoja, na usiku mwingine. Nyuma yao, akiegemea fimbo yake, alikuja mkunga mzee.

Muuguzi aliweka kipembe cha mti juu ya tumbo la mgonjwa, akaegesha sikio, akasikiliza kwa muda mrefu. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga, lakini ulipiga polepole na kwa kukatika. Kichwa kilikuwa kimekwama. Hapakuwa na tendo la kufaa pale isipokuwa kumtia mama maji katika mshipa na kutafuta gari. Mhudumu alikimbia kilimani mahali ambapo simu hushika. Gari lilikuja baada ya saa tano. Katika gari waliingia mgonjwa, mama mkwe wake, kijana, na mkunga, ambaye hakuomba ruhusa ya mtu. Muuguzi alibaki, kwa kuwa zahanati haiachwi bila ya mtu. Alimpa kijana kile kipembe cha mti amsikilize mtoto njiani.

Kijana alisikiliza kila gari liliposimama. Kabla hawajafika barabara kuu alisikiliza mara ya tano, akahamisha kipembe hapa na pale, asisikie kitu. Alikitia mfukoni. Mkunga alikuwa akimtazama, akajua.

Ndipo mkunga aliposema naye, na aliyasema maneno yake kwa Kiswahili. Alikuwa akiijua lugha hiyo tangu ujana wake, kwa kuuza ngozi mnadani. Siku ile barazani alikuwa ameyasikia matusi mara mbili, mara kwa Kiswahili na mara kwa Kimasai.

Alisema, "Mwanangu, uliwaambia kwamba ninawanyima chakula. Ni kweli nawanyima. Nikiwa msichana nilimwona dada yangu akifa na mtoto ndani, mtoto mkubwa, mzuri, aliyenona. Baadaye nikaona wengine wawili. Hapakuwa na gari, wala kisu, wala mtu wa kushika kisu. Mama yangu aliniambia, mtoto mdogo hutoka, na akishatoka tutamnenepesha kwa maziwa. Mtoto mkubwa hatoki. Nawe ungalikuwa mimi ungalifanya nini?"

Kijana hakuwa na jibu.

Mkunga akasema tena, "Huyu alipokawia jana asubuhi nilijua kwamba amekwama. Siku zote ningalimtuma mtu kwa muuguzi. Jana sikutuma. Nilisema moyoni, acha nione kama asiyejua kusoma hawezi kumtoa mtoto huyu. Nilikuwa nimekasirika." Kisha akanyamaza, akamfunika mgonjwa miguu kwa shuka yake mwenyewe, asiseme tena mpaka hospitali.

Mgonjwa alipasuliwa jioni ile. Mtoto, ambaye alikuwa wa kike, alitolewa akiwa amekwisha kufa. Mama aliishi.

Msomaji atauliza lawama ni ya nani. Wataalamu wa afya ya uzazi, tangu andiko mashuhuri la Thaddeus na Maine la mwaka 1994, hueleza vifo vya uzazi kwa kutaja ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika penye msaada, na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Kijana aliyajua hayo. Alikuwa ameulizwa swali lake katika mtihani, na majibu yake yalipata alama nzuri. Katika jibu lake alikuwa ametaja umaskini, na ubovu wa njia, na mila, na kutojua kusoma, kuwa sababu za ucheleweshaji wa kwanza. Haikumpitikia kwamba sababu mojawapo yaweza kuwa mganga mwenyewe. Kwamba watu huchelewa kwenda mahali walipotukanwa.

Tena iko methali ambayo kila mtoto aliyesoma Kiswahili huijua: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kijana aliisoma akiwa darasa la nne. Alifundishwa kwamba ni fumbo, maana yake mtu asimdharau ambaye huenda akamhitaji kesho. Na kwa kuwa alifundishwa kwamba ni fumbo, hakufikiri kwamba yaweza kuwa habari ya mkunga hasa, na uzazi hasa, katika baraza ya bati, siku ya Jumatano. Methali zilizozoeleka hupatwa na msiba huo. Huhifadhiwa kwa ulimi hata moyo ukadhani umekwisha kuzifuata.

Haifai, hata hivyo, kwamba kwa kumhurumia mkunga elimu isingiziwe makosa. Kumpunguzia mjamzito chakula si dawa ya njia nyembamba ya uzazi. Mtoto aweza kukwama kwa namna alivyolala, au kwa ufinyu wa nyonga za mama, hasa mama aliye msichana ambaye mifupa yake haijakomaa. Na msichana yule alikuwa mmoja wa hao. Mama mwenye upungufu wa damu akitokwa na damu kidogo huweza kufa kwa kiasi ambacho mwenye siha angalikivumilia. Mtoto mdogo mno hupita, lakini hupita akiwa dhaifu, na wengi hawafiki arobaini. Kwa hayo kijana alikuwa na haki, na muuguzi alimkubalia haki yake kwa neno moja.

Lakini desturi ile haikuwa ujinga. Ilikuwa hesabu. Watu wasiokuwa na kisu walitafuta kitu walichoweza kukipunguza, na katika yote yaliyokuwa mbele yao, hawakuweza kupunguza saa nne za njia, wala kupunguza kiu ya punda, wala kupunguza giza. Waliweza kupunguza chakula tu. Desturi nyingi ambazo mgeni huziona kuwa ni upofu ni majibu ya swali ambalo mgeni hakuulizwa. Jibu laweza kuwa si sahihi, na swali likabaki kuwa la kweli. Mwenye kulibomoa jibu bila ya kulishughulikia swali huwaacha watu na hofu ile ile ya zamani, tena bila ya kitu cha kuishikia. Kumwambia mwanamke ale, naye anajua kwamba hospitali iko mbali vile vile kama jana, ni kumwomba aibebe peke yake hatari ambayo mshauri hataibeba. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mama wa vikope. Hakuwa mbishi hata kidogo, bali alikuwa na maji machache.

Baada ya kurudi, kijana alitaka kuondoka. Aliona haya kukutana na watu. Muuguzi alimletea daftari la wagonjwa waliopelekwa hospitali, akamwambia aandike habari za msichana yule, kwa kuwa alikuwa amekwenda naye. Kijana aliandika tarehe, umri, mimba ya kwanza, uchungu uliokwama, mama hai, mtoto mfu. Palikuwa na safu ya mwisho ya maelezo. Alishika kalamu muda mrefu, kisha akaanza kuandika jina lake mwenyewe. Muuguzi akamzuia mkono. "Hapo pana nafasi ya habari itakayomsaidia atakayesoma," alisema. "Toba yako haimsaidii. Andika mgonjwa alichelewa kuletwa, kisha ukaitafute dawa ya kuchelewa."

Siku ya pili kijana alikwenda kwa miguu hata boma la mkunga. Alimkuta akikarabati ukuta wa nyumba yake kwa samadi na udongo, maana katika Umasai nyumba hujengwa na wanawake. Alisema, "Takwenya, koko." Mkunga alikawia, kisha akaitikia, "Iko." Alimpa chai. Chai ilikuwa na maziwa, na kijana, ambaye sasa alikuwa ameanza kuona, aliona kwamba watoto waliokuwa karibu walikuwa wakinywa isiyokuwa na maziwa. Alikunywa yote, kwa kuwa kuikataa kungalikuwa tusi la pili.

Hakumwambia mkunga kitu juu ya chakula. Alimwuliza jinsi anavyojua kwamba mtoto amekwama, na mkunga alimweleza kwa mikono yake. Alimwuliza ni saa ngapi baada ya kujua ndipo hutuma mtu, na mtu huyo hutumia muda gani njiani, na usiku je, na fisi je. Walizungumza mpaka jua likapinda. Muuguzi alipokuja Jumamosi waliendelea watatu, na baada ya hapo waliitwa wazee.

Mambo yaliyotoka katika mazungumzo hayo yalikuwa madogo. Mwanamke aliye katika mimba ya kwanza, au aliyepasuliwa zamani, angehamia kwa jamaa walio karibu na barabara kuu katika juma la mwisho. Wazee wangechanga fedha za mafuta ya gari, kila boma kwa uwezo wake, na fedha zingekaa kwa mwanamke na si kwa mwanamume. Mkunga angetuma mtu kabla ya jua kuchwa na si baada yake, na angepanda gari pamoja na mgonjwa wake, wala hapana mtu hospitali ambaye angemwuliza yeye ni nani. Sharti hili la mwisho mkunga alilitaja mara tatu. Naye kwa upande wake alisema kwamba kama gari litakuja, wanawake watakula. Alisema "kama".

Jumatano ya kumi na moja alirudi mwisho wa benchi. Wanawake walihesabiwa kumi na saba. Jumatano iliyofuata kijana aliondoka, maana miezi yake ilikuwa imekwisha. Hakuwahi kuona kama gari lilikuja, wala kama wanawake walikula. Msichana aliyefiwa na mtoto alipita barazani kufunguliwa kidonda siku mbili kabla ya kuondoka kwake. Alimwamkia kijana kwa upole, kama watu wengine, wala hakujua kwamba alikuwa na deni lo lote kwake.

Kujitolea ni neno lililojengwa juu ya kutoa. Kijana alikuwa ametoa likizo yake, na nauli yake, na jasho lake, akadhani kwamba ametoa vyote. Alichokawia kukitoa ni fahari ya kuwa yeye ndiye ajuaye, na kukawia huko kulilipwa na mtu ambaye hakupata hata jina. Mkunga naye alikuwa na fahari yake, na hakuificha. Watu wawili wenye ujuzi walisimama kila mmoja upande wake wa mlango, na mtoto akawa katikati.

Basi na msemo wa mgeni na mwenyeji usitupwe, ila uelezwe vizuri. Katika zahanati ile wageni walikuja na kwenda: wanafunzi, na madaktari wa siku moja, na magari yenye nembo milangoni. Wengine waliacha dawa, na wengine waliacha picha. Aliyeponya ni yule mwanamke wa Kondoa ambaye naye alifika mgeni, akakaa miaka sita akinywa chai kabla ya kupewa benchi moja lenye mtu mmoja mwishoni. Kijana alipofika Tanga mama yake alimwuliza kama kipimio alichomnunulia kilimfaa. Alijibu kwamba kilimfaa, lakini kwamba siku ile alipohitaji kusikia zaidi ya siku zote alitumia kipembe cha mti cha watu.